Panadol Si Kiungo, na Makande Si Adhabu

Nimekuwa kimya wiki mbili sababu ya test, na kesho saa mbili asubuhi nina semina ambayo sijaisomea hata ukurasa mmoja. Lakini leo lazima niandike, la sivyo sitalala.

Kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu ya hosteli. Nadhani wengi mmeshaupata: "Maharage magumu? Tia panadol mbili kwenye sufuria, nusu saa yameiva, gesi yako inabaki." Chini yake watu wameshangilia kama timu imefunga goli. Mmoja kaongeza kwamba kwa makande ya watu kumi unaweka nne. Mwingine kasema yeye anaweka sita na "hakuna aliyekufa". Halafu mshkaji mmoja, ambaye namheshimu sana kwenye mambo mengine, kanitumia mimi binafsi na maneno haya: "Mpare wewe, si ndiyo mambo yenu haya ya kubana matumizi?"

Hapana bwana. Siyo mambo yetu. Na nitawaambia mambo yetu ni yapi, lakini kwanza tumalizane na hicho kidonge.

Utetezi ninaousikia ni wa aina mbili. Wa kwanza: "Dawa inaungua ikichemka, haibaki kitu." Nani kakwambia? Parasitamo yenyewe inayeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 170. Maji ya sufuria yako yanachemka kwenye nyuzi 100 na hayapandi zaidi hata uchochee moto wa jehanamu. Kwa hiyo dawa imo humo humo, imekorogwa vizuri na kitunguu na karoti, inakusubiri wewe na sahani yako. Na sehemu ndogo inayovunjika ikichemka muda mrefu haigeuki kuwa maji matamu, inageuka kuwa kemikali nyingine ambayo figo haziipendi kabisa. Waulizeni jamaa wa famasi, tunao humu humu kampasi.

Utetezi wa pili: "Vidonge viwili tu, si hata mgonjwa anameza viwili?" Sawa. Mgonjwa anameza viwili akijua anameza viwili. Mtu mzima hatakiwi kuvuka gramu 4 kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, na ukivuka ini ndilo linaloumia. Kimya kimya, bila kupiga kelele. Sasa mtu mwenye homa aliyekwisha kumeza vyake asubuhi na mchana, jioni akakaribishwa maharage ya grupu, anahesabuje? Na yule aliyetoka kunywa bia zake? Na mama mjamzito anayekula kwa mama lishe wa pembeni ya geti? Umemnyang'anya mtu haki ya kujua kilichoingia mwilini mwake, kisa umeokoa dakika arobaini za gesi.

Mwezi uliopita jirani yangu wa chumba cha tatu alilazwa siku mbili zahanati. Daktari akamuuliza, umemeza dawa ngapi toka jana? Akasema mbili. Sisi tuliokuwa tumesimama pale tukaangaliana, sababu tulijua chakula cha jana yake kilipikwaje na nani. Sisemi maharage ndiyo yaliyomlaza, sina ushahidi. Nasema yule dada hakuwa na uwezo wa kumjibu daktari ukweli, na hilo peke yake linanitosha kukasirika.

Tena kitu chenyewe hakina mantiki hata ya kijiko. Harage linalainika kwa sababu maji yameingia ndani na ile gundi inayoshika chembe zake, wanaiita pektini, imelegea. Kinachofanya kazi ni maji, joto na muda. Dawa ya kuondoa maumivu ya kichwa inamwondolea nini harage? Harage linaumwa kichwa? Basi.

Sasa nije kwetu.

Mimi nimekulia milimani, juu ya Same, upande wa Vudee, kwa bibi mzaa mama. Wale ambao hamjafika Same mnaijua kama stendi ya kununua maji ya kunywa basi likitoka Dar kwenda Moshi: joto, vumbi, mikonge na minazi hakuna. Lakini inua macho kulia kwako. Ule ukuta wa kijani ndio Upare Kusini. Kule juu kuna msitu wa Chome na kilele cha Shengena, mita 2,462, na kuna baridi ya kuvaa sweta mchana. Kwenye vijiji vya huko chakula cha kila siku ni makande. Siyo cha Jumamosi, siyo cha adhabu, ni chakula.

Kuna jambo moja la fizikia ambalo bibi hajawahi kulisoma lakini analiishi. Ukipanda mlima, maji yanachemka kwenye joto dogo zaidi, karibu nyuzi moja inapungua kwa kila mita 300. Kijiji kilicho mita 1,500 maji yake yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Maana yake maharage ya milimani yanachukua muda mrefu kuiva kuliko hayo ya kwenu Sinza. Na kuni zinabebwa kichwani, na wanaobeba ni mama zetu na dada zetu, na msitu una mipaka yake kwa sababu ndio unaotoa maji. Yaani kama kuna watu duniani walikuwa na sababu ya kutafuta njia ya mkato kwenye sufuria ya maharage, ni wale wabibi. Na njia waliyoipata ni nini? Kuloweka. Kulowekaaa! Jioni baada ya kuosha vyombo unachambua, unaosha, unamwagia maji mengi, unafunika, unaenda kulala. Kazi nzito inafanyika wewe ukiwa umelala, bure, bila kuni, bila gesi, bila LUKU.

Nimepima mwenyewe hapa geto kwa saa ya simu, jiko la gesi dogo, mtungi wa kilo 6. Maharage yale yale ya gunia moja: yasiyolowekwa yalichukua saa mbili na ushee, yaliyolala kwenye maji usiku kucha yalichukua dakika hamsini. Hebu nitajieni kidonge kinachoshinda hapo.

Mtu ataniambia, mbona mimi niliwahi kuloweka na hayakuiva? Nakubali inatokea, na mara nyingi kosa si la kuloweka. Kwanza umenunua maharage ya zamani. Harage lililokaa ghalani kwenye joto na unyevu mwaka mzima linakuwa gumu kwa namna ambayo hata ulipigie magoti. Muulize muuzaji ni ya msimu gani, na angalia rangi: yaliyozeeka yanafifia na kuwa ya kahawia. Kama unataka ya kuiva upesi chukua ya njano, ni ghali kidogo lakini gesi inakurudishia. Pili, maji. Visima vingi vya tambarare vina chumvichumvi, sabuni hata haitoi povu, na maji ya namna hiyo yanagandisha lile gamba badala ya kulilainisha. Hapo tia chumvi ya kawaida kijiko kidogo kwenye maji ya kulowekea. Ndiyo, chumvi, hiyo hiyo mliyoambiwa inafanya maharage kuwa magumu. Inasaidia. Kinachokaza maharage ni nyanya na ndimu zinazotiwa mapema, hasa na hawa wapishi wa YouTube wanaoanza kuunga kabla harage halijakubali kuiva. Acha iive kwanza, ndipo uunge.

Na yale maji ya kulowekea mwaga. Usipikie. Humo ndimo inamobaki sehemu ya ile sukari inayowafanya mfungue madirisha saa sita usiku. Kama maji ni ya shida kwenu basi mwagia mchicha. Najua shida ya maji, msifikiri naongea kama mtoto wa Masaki. Same mjini tumekua tukinunua maji kwa dumu, na mradi mkubwa wa kuyatoa bwawa la Nyumba ya Mungu kwa ajili ya Same, Mwanga na Korogwe tuliuimba miaka na miaka mpaka ukazinduliwa Machi 2025. Mtu aliyekua hivyo hawezi kukwambia umwage maji bila sababu.

Halafu kuna kundi la wastani, wale wanaosema sawa panadol hapana, ila magadi ruksa, magadi ni ya asili. Hapa nitawagusa hata ndugu zangu, mnisamehe. Bibi mwenyewe huwa anatia chembe moja kwa maharage yaliyomshinda, na simsemi vibaya, shikamoo bibi. Lakini wenzetu wa chuo mnatia kijiko cha kulia! Magadi yanalainisha kweli, hilo sibishi. Yanaharibu vitamini B1 pia, na chakula kinanuka sabuni. La zaidi, magadi ya bonde la ufa yana floraidi nyingi, na watafiti wa meno hapa nchini wameandika tangu miaka ya 1990 jinsi magadi ya kupikia yanavyohusika na yale meno ya kahawia mnayoyaona Arusha na Kilimanjaro. Mnacheka meno ya watu, halafu mnanunua mfuko mzima wa chanzo chake. Kuwa kitu ni cha asili maana yake nini? Hata nyoka ni wa asili.

Tukirudi kwenye makande. Nimegundua nusu ya chuki ya makande hapa chuoni ni chuki ya shule ya bweni. Watu wamekula miaka sita mahindi magumu kama kokoto yaliyochemshwa na maharage yenye wadudu, hayana kitunguu, hayana mafuta, halafu wakaambiwa haya ndiyo makande. Hayo hayakuwa makande, jamani. Hayo yalikuwa ni uvivu wa mtu mwenye sufuria kubwa. Nikisema napika makande mtu ananionea huruma, "pole, bumu limekata?" Bumu ni 10,000 kwa siku toka mwaka wa masomo 2022/23, kabla ya hapo ilikuwa 8,500, na humo ndani kuna kula na kulala. Chips mayai na soda mara mbili umeshaila siku yako. Mimi sufuria moja ya makande nakula siku mbili na nagawa. Sasa nani wa kuonewa huruma hapa?

Makande ya nyumbani yanaanza na mahindi yaliyokobolewa. Kijijini yanatwangwa kwenye kinu na maji kidogo mpaka ganda litoke, mjini unayanunua tayari. Loweka mahindi chombo chake na maharage chombo chake. Kesho yake mahindi yanatangulia jikoni kama nusu saa au zaidi, sababu ndiyo mzee, kisha maharage yanafuata. Yachemke kwa nguvu! Hapa sina utani: maharage, hasa mekundu, yakiliwa hayajaiva yana sumu yake ya asili inayotapisha na kuharisha vibaya, na harage nne tano mbichi zinatosha kukulaza chali. Kwa hiyo moto mkali wa kuchemka sawasawa, siyo kuyapasha pasha.

Yakishachemka kama nusu saa yote pamoja, zima gesi. Ndiyo, zima. Funika mfuniko wenye kubana, viringisha sufuria kwenye khanga nzito au blanketi, itie kwenye kapu au boksi lililojazwa nguo kuukuu pande zote, juu weka mto. Nenda kwenye lecture. Joto halina pa kwenda, linaendelea kupika. Ukirudi baada ya saa tatu nne utakuta yamelainika, unayarudisha jikoni yachemke tena, unaunga kitunguu, karoti, hoho, nyanya sasa ndiyo zamu yake. Wa pwani watatia nazi, haya, siwazuii. Sisi tunamalizia na maziwa, na pembeni parachichi lililoiva. Kipande cha parachichi juu ya makande ya moto, na kikombe cha chai ya tangawizi ya Mamba Miamba inayokwangua koo... acheni tu.

Mwenye jiko la presha la umeme ana raha yake zaidi, maharage yanaiva kwa chini ya uniti moja. Uniti moja ya umeme wa kawaida ni kama shilingi 350 na kidogo. Sema hosteli nyingi haziruhusu kupika, kwa hiyo hii ni ya waliopanga mtaani, msije mkasema mimi ndiye niliyewatuma.

Kinachonikera zaidi ya ujumbe wenyewe ni hiki. Mwezi wa tano 2024 serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Lengo zuri, nalipigia makofi. Mitungi inagawiwa mikutanoni, watu wanapiga picha nayo. Lakini ingia jikoni kwa mama yeyote aliyepewa mtungi uangalie. Gesi ni ya chai na mayai. Sufuria ya maharage na makande iko nje, kwenye mkaa au mafiga matatu, kama ilivyokuwa mwaka 1980. Ukimuuliza atakwambia, mwanangu, maharage yatamaliza mtungi. Na ana haki, kama hakuna aliyekaa naye kuongea habari ya kuloweka na kapu! Tunahesabu mitungi iliyogawiwa, na sufuria inayokula kuni kuliko zote ndani ya nyumba haijaguswa. Mkaa utaendelea kuuzwa barabarani pale Hedaru na Makanya mpaka mtu aongee habari ya maharage. Semina ngapi za nishati zimefanyika hotelini, na ngapi kati ya hizo alialikwa bibi mmoja mwenye bakuli la maharage yaliyolowekwa?

Pengo hilo hilo ndilo linalouza panadol. Mtu ana mtungi, ana hofu utaisha, hakuna aliyemfundisha, anafunguliwa simu anaambiwa tia kidonge. Atatia.

Sasa wewe uliyeniita bahili. Najua utani, na watani zangu Wachaga nawaruhusu, eti Mpare anatundika samaki darini anakula ugali kwa harufu. Nimecheka mara elfu. Lakini tuelewane kidogo. Wazee wetu mwaka 1945 walishuka milimani kwa maelfu, wakaja kukaa Same makao ya wilaya, wanaikataa kodi ya mbiru, sababu walikuwa wanakadiriwa mali zao kwa hesabu ambayo hawakuikubali. Profesa Isaria Kimambo ameiandika habari hiyo, iko maktaba, kaisome badala ya kuforwadi ujinga. Watu wa namna hiyo ndio wanaopima kuni na maji na muda. Kupima siyo ubahili. Bahili ni yule anayekwepa kuloweka kwa uvivu wake, halafu gharama anaihamishia kwenye ini la rafiki yake bila kumwambia. Huyo ndiye bahili, na hatoki Upare peke yake.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, na siyo kwa upole. Aliyetuma ule ujumbe kwenye grupu la hosteli aufute na aandike kwamba si kweli, pale pale alipouandika, siyo kunifuata pembeni na "sorry dada". Na nyie mnaopika kwa zamu, kuanzia wiki hii mtu akitia kitu chochote kwenye sufuria ya wote ambacho hakiuzwi sokoni na vitunguu, atamke mbele ya wote kabla ya kupakua. Akiona aibu kutamka, ameshajijibu.

Ijumaa usiku naloweka, kilo moja mahindi na nusu kilo maharage. Jumamosi saa nane mchana yatakuwa tayari, geto langu mnalijua. Njoo na sahani yako na kijiko, mimi sina vya kutosha, na mwenye hela anunue parachichi mbili njiani. Wa panadol pia anakaribishwa, ila mifuko tutaipekua mlangoni.